Tahadhari: Vishoka wanaotoza nauli ya magari nyumba kwenda Unguja

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, nawaandikia hasa ninyi wenye magari ya kulala ndani, iwe ni Coaster iliyogeuzwa nyumba, Noah iliyofungwa kitanda au lori dogo lenye chumba mgongoni, ambao mnafikiria kuvuka nalo bahari kwenda Unguja. Kuna mtu, na kwa jinsi nilivyoona huenda ni kundi, anayejitangaza mtandaoni kuwa wakala wa kusafirisha magari ya aina hiyo kwa meli. Amenichukulia shilingi 1,270,000 ndani ya siku nne, na gari langu halikukanyaga sitaha ya meli yoyote. Nimeamua kueleza kila hatua, kwa sababu ujanja wake hauko kwenye maneno matamu peke yake. Uko kwenye kutojua kwetu jinsi nauli ya gari melini inavyokokotolewa.

Jambo la msingi naliweka hapa mwanzoni, ili hata asiyefika mwisho wa andiko hili aondoke nalo: mtu akikutajia bei kamili ya kuvusha gari nyumba kwa meli kabla hajalipima, au angalau kabla hajakuuliza urefu, upana, kimo na uzito wake, usimtumie hata shilingi moja.

Gari letu ni Coaster ya zamani, ile ndefu. Mume wangu aliinunua kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye miguu yake imedhoofika kiasi kwamba hawezi tena kulala ugenini penye kitanda kirefu na choo cha kuchuchumaa. Mafundi wa mtaa wa Gerezani walichomelea ngazi pana ya nyuma na kibebeo cha tairi la akiba, kitanda kilitoka Keko, na juu ya paa tuliweka paneli ya sola pamoja na sanduku la mizigo. Mama ana dada yake Makunduchi ambaye walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Tulipanga gari livuke, naye alale humo humo, nje ya nyumba ya dada yake, bila kumsumbua mtu.

Nilipopiga simu iliyokuwa kwenye tangazo, kijana aliyepokea aliniamkia vizuri, akaniita dada, na kabla hajauliza lolote kuhusu gari aliuliza hali ya mama. Nilipomweleza kuhusu miguu yake, akasema maneno ambayo hadi leo yananiuma: "Mama yetu hatashuka kabisa, dada. Atalala kitandani kwake ndani ya gari mpaka mnafika Malindi," yaani bandari ya Unguja. Bei, akasema, ni shilingi 650,000 kwenda na kurudi. Akanitumia na karatasi ya bei yenye picha ya meli, iliyopangwa kwa safu nzuri, na chini yake imeandikwa kwamba huduma ya kulala ndani ya gari inapatikana "Aprili hadi Oktaba". Sikujiuliza ni kwa nini huduma ya bahari yetu iwe na miezi. Nilikuwa nimeshamwona mama akiwa amelala zake huku meli inakata maji.

Mpwa wangu ndiye aliyegundua baadaye kwamba karatasi ile imetafsiriwa kutoka kwenye bei za meli za Ulaya. Kwenye njia za kati ya Italia na Ugiriki, kutoka bandari kama Ancona na Bari kwenda Igoumenitsa na Patras, zipo meli zenye sitaha ya wazi ambapo wasafiri huruhusiwa kulala ndani ya magari nyumba yao kuanzia Aprili hadi Oktoba. Ni huduma halali kabisa, lakini ni ya huko, na hata huko ni ya njia chache. Utaratibu wa kawaida kwenye meli zinazobeba magari ni kwamba dereva akishaegesha, yeye na abiria wake wote hupanda juu, na sitaha ya magari hufungwa hadi meli itie nanga. Gari likifungwa minyororo vibaya linaweza kuhama wakati wa mawimbi, moshi na mvuke wa petroli hujikusanya humo chini, na moto ukizuka hakuna anayeweza kumfikia kwa haraka mtu aliyelala ndani ya gari. Yeyote anayekuahidi kwamba mgonjwa wako atabaki garini safari nzima anakuuzia hatari, hata kama meli yenyewe ingekuwepo.

Nililipa zile 650,000 siku ya Jumatatu. Jumanne akapiga simu kwamba ofisi imegundua gari ni refu kuliko "kiwango", hivyo kuna tozo ya urefu wa ziada ya shilingi 280,000. Jumatano ikaja ada ya mtungi wa gesi, shilingi 190,000, wala hakuniuliza mtungi ni wa kilo ngapi. Alhamisi ikawa bima ya bahari, shilingi 150,000. Kila mara alinikumbusha kwamba nisipoongeza, nafasi yangu atapewa mwingine na kile nilichokwisha kulipa hakirudi. Ndivyo wanavyofanya kazi: bei ya kwanza ni chambo, na fedha yenyewe iko kwenye vipande vinavyofuata, ambavyo kila kimoja ni kidogo kuliko hasara unayoogopa kuipata ukiacha.

Malipo yote manne yalikwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na jina lililotokea kwenye kioo halikufanana na la kijana wala la hiyo inayoitwa kampuni. Nilipouliza, nikaambiwa ni mhasibu. Nawaomba sana, jibu hilo lisiwatoshe. Tozo za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroli namba, na kampuni inayouza tiketi kihalali inapaswa kukupa lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Ada ya bandari haiwezi kuingia kwenye simu ya mhasibu.

Ijumaa alfajiri tulimpakia mama, tukatoka Tabata barabara zikiwa bado tupu. Pale bandarini, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa lango aliiangalia tiketi yetu, akaligeukia gari, akaitazama tena tiketi. Safari ya saa 1:00 asubuhi iliyoandikwa pale ilikuwa ya boti ya mwendo kasi, zile zinazofika Unguja kwa takriban saa mbili, ambazo hubeba abiria na mizigo yao ya mkononi. Hazina mlango wa kuingizia gari. Magari huvuka kwa meli za aina ya ro-ro, ambazo hufungua mlango mkubwa na gari likaingia kwa magurudumu yake. Kama ningejua hilo tu, nisingefika pale langoni nikiwa na mgonjwa.

Mfanyakazi mmoja wa ofisi halali ya tiketi alituhurumia akatoka nje. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, gari liko wapi tulipime kwanza?" Alitoa tepu, akamwambia mume wangu ashike ncha kwenye bampa la mbele, naye akaivuta hadi nyuma kabisa, akapita mwisho wa bodi, akapita tairi la akiba, hadi ukingo wa ngazi ya Gerezani. Mita 7.6. Kisha akapima kimo, si hadi kwenye paa, bali hadi juu ya sanduku la mizigo. Karatasi yangu ya kishoka ilisema mita 5.9, na kimo hakikuandikwa kabisa. Akaisoma polepole, akanirudishia, akasema, "Hii imeandikiwa gari jingine."

Hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini sisi watu wa Dar tunanasa kirahisi. Tumezoea kivuko cha Magogoni na Kigamboni kinachosimamiwa na TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme, ambako tozo hufuata aina ya gari: gari dogo lina bei yake, pikapu yake, basi dogo yake. Hata Daraja la Nyerere, tangu lilipofunguliwa mwaka 2016, tumelijua kwa utaratibu wa namna hiyo. Kwa hiyo tukisikia "Coaster ni laki sita na nusu" haitushtui. Lakini kwenye meli ya magari kinachouzwa ni nafasi ya sakafu. Gari refu linachukua mahali ambapo lingekaa jingine, gari lenye kimo haliwezi kuwekwa kwenye sehemu yenye dari fupi, na gari zito lazima liwekwe mahali ambapo halitaiinamisha meli upande mmoja. Gari nyumba huwa na yote matatu, na zaidi ya hayo hubeba nyongeza ambazo kadi ya gari haizitaji: kibebeo cha baiskeli, ndoano ya kuvutia tela, hema la paa, tangi la maji lililojaa. Vipimo vya kiwandani havitoshi. Coaster ndefu hutoka kiwandani ikiwa na urefu wa karibu mita 7, na yetu ilikuwa imeongezeka sentimita 60 kwa sababu ya ngazi tu.

Kuna jambo jingine ambalo kijana yule aliniambia Jumanne, nikalipokea kama fadhila, na leo ninaona aibu kuliandika. Alisema nikimwongeza kidogo, ataandika gari ni fupi na jepesi ili "tuokoe gharama". Nilikataa kwa sababu sikuwa na fedha zaidi, wala si kwa sababu nilifikiri vizuri. Wapo watakaokubali, kwa hiyo nasema wazi: vipimo hivyo ndivyo wanavyotumia wanaopanga mzigo ili meli isizidiwe. Nchi hii ilizika watu wa MV Spice Islander mwezi Septemba 2011 na wa MV Nyerere mwezi Septemba 2018, na vyombo vyote viwili vilibeba kupita uwezo wao. MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa abiria 101 na tani 25 za mzigo. Kwenye chombo cha namna hiyo, tani moja au mbili zilizofichwa kwenye karatasi si ujanja wa kubana matumizi.

Kwa atakayetaka kusafiri, hivi ndivyo tulivyofanya mara ya pili. Tulilipima gari wenyewe nyumbani, likiwa limebeba kila kitu, kutoka ncha hadi ncha, tukaandika na kupiga picha za tepu. Tukaenda ofisini kwa miguu yetu, mchana, tukauliza kwanza ni chombo gani kinachobeba magari na siku gani, kisha bei kwa vipimo vile. Tukauliza kama nauli ya dereva imo ndani au inalipiwa peke yake, na kama nauli ya abiria wengine iko mbali na ya gari, na tukataka kila tozo iandikwe kwenye stakabadhi moja kabla ya kulipa. Kuhusu gesi, tulichoambiwa na mhudumu ni kufunga koki ya mtungi na kuhakikisha haivuji. Hakuna aliyetutoza kitu kwa ajili hiyo. Mama alipanda juu kwa kiti cha magurudumu, vijana wawili wakimbeba kwenye ngazi, akakaa karibu na dirisha. Sitataja hapa tulilipa kiasi gani, kwa sababu hiyo ni bei ya mita 7.6, na ya gari lako itakuwa nyingine.

Kama umeshatuma fedha, usifute ujumbe wowote, hata ule unaokutia uchungu. Piga simu kwa mtandao wako saa hiyo hiyo ukaombe muamala uzuiwe. Mimi nilichelewa hadi Ijumaa, nikajibiwa kwamba fedha zote zimeshatolewa. Ripoti namba ya tapeli kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa kazi hiyo, na piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwa maana kijana yule aliniomba pia picha ya kitambulisho "kwa ajili ya orodha ya abiria", nami nikampa. Kisha nenda polisi ukafungue jalada na kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Mimi nimefungua langu, na askari anayelishughulikia ameniambia kwamba walalamikaji wakiwa wengi wenye karatasi zinazofanana, kazi yake inakuwa nyepesi. Kwa hiyo aliyelizwa kwa njia hii asikae kimya kwa kuona haya.

Hadi naandika, ukurasa wao bado upo hewani. Wamebadilisha jina na rangi, wameweka picha ya meli nyingine, na namba ya simu ni mpya. Karatasi ya bei ni ile ile, na kule chini bado imeandikwa "Aprili hadi Oktaba".