Kifurushi cha kuanzia kupaka wanasesere wa reboni: miezi minne, mtoto mmoja

Nilinunua kifurushi hiki Februari, na sikutaka kuandika lolote mpaka nimalize mtoto mmoja, kuanzia kuosha vinili (plastiki laini) hadi kumvika soksi. Nimemmaliza wiki iliyopita. Njiani nimeharibu mkono mmoja, nimefuta uso mzima kwa asetoni na kuuanza upya, kwa hiyo ninachosema hapa nimekigusa.

Kwa asiyewafahamu, reboni ni wanasesere wanaopakwa rangi tabaka juu ya tabaka mpaka ukiwatazama unaona mtoto mchanga amelala. Jina lenyewe maana yake ni kuzaliwa upya. Huko Marekani, kazi hii iliposhika kasi miaka ya 1990, watu walikuwa wakichukua mwanasesere wa dukani, wanamvua rangi ya kiwandani, halafu wanamrudishia sura kwa mkono. Siku hizi unanunua vipande vitupu: kichwa, mikono na miguu ya vinili, pamoja na kiwiliwili cha kitambaa unachokijaza mwenyewe. Mimi nimelea watoto wa watu hapa Nairobi kwa miaka tisa, wengine nimewapokea wakiwa na siku nne tu. Nilipoiona kazi hii nilihisi ni yangu kabla hata sijashika brashi.

Kifurushi kilinigharimu shilingi 14,500 mpaka mlangoni, Umoja. Ndani kulikuwa na vichupa kumi vya rangi ya chapa ya Genesis, thina isiyo na harufu kali, brashi tano, sponji za pembetatu kama zile za vipodozi, vipande vya mtoto mmoja vya vinili ya kahawia, na kitabu cha maelekezo. Brashi mbili zilianza kunyonyoka siku ya kwanza. Nilibadilisha na brashi za kuchorea kucha kutoka maduka ya urembo ya Dubois Road, na ninazo mpaka leo.

Rangi yenyewe naisifu bila kusita. Haikauki kwa hewa. Unaweza kuipaka asubuhi, ukaenda sokoni, ukarudi na kuikuta bado laini, ukafuta ulipokosea kwa kipande cha sponji. Inakauka kwa moto tu: kama nyuzi 130 za Selsiasi, dakika nane hivi, kisha unaacha kipande kipoe kabisa ndipo upake tabaka lingine. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni huruma kubwa, kwa sababu hakuna kinachokukimbiza. Kila tabaka linapakwa jepesi sana, rangi ikiwa imechanganywa na thina mpaka iwe kama chai ya strungi, halafu unaidonoadonoa kwa sponji iliyochanwa kingo ili isiache alama ya mraba. Ukitazama tabaka moja peke yake huoni kitu. Ukifika la saba ngozi inaanza kuwa na kina, kama kuna damu chini yake. Mimi nilipaka kumi na mbili.

Moto ndio ulionitesa. Usitumie oveni ya chakula, na usioke bila madirisha kufunguliwa, maana vinili ikizidi joto inatoa moshi mbaya. Nilitafuta oveni ndogo ya mtumba nikaiweka kwenye roshani. Kitufe chake kilisema 130, nami nikakiamini. Nilipotoa mkono wa kushoto ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta ya kukaangia, na vidole viwili vimeshikana. Kesho yake nilinunua kipimajoto cha oveni kwenye duka la vifaa vya kuokea keki, nikakitundika ndani: ilikuwa 160! Hicho kipimajoto cha shilingi mia nane ndicho kilichopaswa kuwemo kwenye kifurushi badala ya brashi ya tano. Na kipande kikitoka, kiache mahali kilipo. Vinili ya moto ni laini. Ukiikamata kwa haraka unaiachia alama za vidole vyako.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, yaani kile kitabu. Vinili waliyoleta ni ya kahawia, lakini maelekezo yote yameandikwa kwa ajili ya mtoto wa kizungu. Paka waridi mashavuni, paka waridi magotini, chora mishipa ya bluu kwenye paji la uso, midomo iwe myekundu. Nilifuata neno kwa neno. Baada ya tabaka la tano mtoto wangu alionekana ana harara. Nilimweka mezani nikamtazama jioni nzima, na nikatambua kwamba miaka tisa nimeogesha watoto weusi kila siku na sikuwahi kujiuliza rangi zao zinakaa wapi.

Nikachukua asetoni na pamba nikafuta kila kitu, kazi ya alasiri nzima. Halafu nikaenda mlango wa pili, ambako jirani yangu alikuwa amejifungua siku tisa nyuma, nikamwomba ruhusa nikae na mwanawe dirishani. Kwetu sote tunajua kwamba ukitaka kuona mtoto atakuwa mweusi kiasi gani, unaangalia masikio. Uso wake ulikuwa bado mwepesi, lakini ukingo wa juu wa sikio ulikuwa umeshakolea, kahawia nzito inayofifia taratibu kadiri inavyoshuka kuelekea ndewe. Ngozi ya shina la kucha nayo hivyo hivyo, na maungio ya vidole. Viganja na nyayo vilikuwa vyepesi, na katikati ya wepesi huo mistari ya kiganja ilionekana myeusi, kama imechorwa kwa kalamu ya risasi. Kwenye midomo rangi ya zambarau ilikuwa nyingi kuliko nyekundu. Na puani kulikuwa na vile vidoadoa vyeupe vidogo kama chembe za sima, ambavyo wamama wapya huja kuniuliza kama ni ugonjwa, nami huwaambia viache vitaondoka vyenyewe.

Niliandika yote hayo nyuma ya risiti. Nyumbani nikaacha waridi kabisa. Nilichanganya kahawia nzito na nyekundu kidogo kwa mashavu, kahawia na tone la bluu kwa mikunjo ya shingo na mapaja, na zambarau iliyozimuliwa sana kwa midomo na kope. Kuanzia hapo uso ulinijia. Kwa kila atakayenunua kifurushi hiki: chukua rangi, weka kitabu kando, tafuta mtoto halisi umtazame kwenye mwanga wa mchana.

Nywele sikupandikiza. Zile za mbuzi wa Angora zinaingizwa kichwani kwa sindano yenye vijino, nyuzi mbili tatu kwa kila tundu, na kichwa kimoja kinaweza kula wiki kadhaa. Kwa mara ya kwanza nilichora kwa brashi nyembamba, na kwa mtoto mchanga inatosha. Kujaza kulikuwa rahisi: pamba ya mito, na mchanga laini niliouosha na kuukausha juani siku tatu, nikaushona ndani ya vifuko ili usivuje. Mizani ilisoma kilo mbili na nusu. Uzito mwingi weka kichwani na makalioni, la sivyo utashika mto. Nguo nilipata Gikomba, na blanketi nikanunua Biashara Street kwa sababu nilitaka jipya.

Niseme pia kwamba si kila mtu atafurahi. Shangazi yangu alikataa kulala chumba kimoja na kichwa kilichokuwa kikipoa juu ya kabati, nami sikumlaumu, nilikihamisha. Kuna watu wanaona ushirikina, na kuna wenye kidonda cha mtoto waliyempoteza. Mimi sasa humwuliza mtu kwanza kabla ya kumfunulia.

Kifurushi nakipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za rangi. Ningekuwa naanza leo ningenunua vichupa vya rangi kimoja kimoja, vya kahawia nyingi na nyekundu chache, na vipande vya vinili peke yake, kisha hela inayobaki iende kwenye kipimajoto.

Jumamosi nilimpeleka mtoto wangu mlango wa pili. Jirani alimpokea, na mkono wake ukaenda wenyewe chini ya shingo. Alimgeuza kwenye mwanga, akanyamaza, kisha akamvua mwanawe kofia na kuweka sikio karibu na sikio.

"Hapa juu ongeza, dada," akasema. "Bado kidogo."

Nilirudi nyumbani nikawasha oveni.