Miezi saba na apu ya Kiingereza cha habari za biashara, uzoefu wangu

Niseme mapema, Kiingereza cha kuongea hakinisumbui sana, shida yangu ilikuwa kusoma. Yaani habari za michezo nasoma naelewa, za siasa naelewa kiasi, ila nikifungua ukurasa wa biashara natoka na maneno mawili matatu na kichwa kinauma. Na kazini ndo mambo yote yako huko, ripoti, imeli, vikao, kila mtu "margin" mara "outlook" na mimi natikisa kichwa tu kama nimeelewa. Ndo nikalipia hii apu. Jina sitaji maana kuna mahali nitaisema vibaya.

Kila asubuhi inakuletea habari moja fupi ya uchumi, aya nne tano hivi, imeandikwa upya kwa Kiingereza chepesi, kuna sauti ya mtu anaisoma, maneno magumu yamepigiwa mstari na ukiligusa neno linakuja na maana ya Kiswahili, mwisho kuna maswali matano. Jumapili wanaleta habari ya zamani. Robo saa umemaliza.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea: maneno magumu hayakunisumbua kabisa. "Quantitative easing" (benki kuu kumwaga hela mpya kwenye uchumi) unalikuta, unajua kabisa hulijui, unaliangalia, yameisha. Yanayokuua ni yale unayodhani unayajua. "Outstanding" kwangu ilikuwa ya mwanafunzi aliyefanya vizuri sana darasani, halafu nakutana na "outstanding debt", nikakaa najiuliza deni zuri ndo deni gani, kumbe ni deni ambalo halijalipwa. "Interest" nilijua ni kuvutiwa na kitu, kumbe riba. "Security" ulinzi, ila "securities" ni hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni) na vitu vya namna hiyo. "The dollar appreciated" nikaona dola inashukuru, hahaha, kumbe imepanda thamani.

Jumapili moja wakaleta habari ya Silicon Valley Bank, ile benki ya Marekani iliyoanguka Machi 2023. Imeandikwa "bank run". Mi nikajua benki imekimbia, labda wenyewe wametoroka na hela. Kumbe wanaokimbia ni wateja, wote kwa mpigo wanakimbilia kutoa hela zao, na pale wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, tarehe 9, na kesho yake wasimamizi wa mabenki wakaifunga. Hilo neno sitalisahau tena, kwa sababu limekuja na tukio lake, sio kwenye orodha. Ningelisoma kwenye kamusi ningeliacha hukohuko.

Ila somo kubwa lilinipata na aibu juu. Habari ilikuwa ya mfumuko wa bei Marekani, mwaka 2022 mwezi wa sita ulifika asilimia 9.1, na mwaka mmoja baadaye ukawa asilimia 3. Kichwa cha habari kinasema "inflation falls". Nikaenda kazini nikamwambia mwenzangu kwa kujiamini kabisa kwamba Marekani bei zimeshuka sana. Akaniangalia. Akasema bei zimeshuka wapi wewe, bei bado zinapanda, kilichoshuka ni spidi. Na ni kweli! Ikiwa kitu kilikuwa 100 kikawa 109, halafu kikapanda tena asilimia 3, kinakuwa 112 na kidogo, hakirudi 100. Bei zikishuka zenyewe neno lake ni "deflation", na mfumuko ukipungua tu wanasema "disinflation". Silabi moja tu imeongezeka, maana mbili tofauti kabisa, na watu kibao wanabishana kila siku bila kujua wanabishania hiyo silabi. Nikimalizia hapo hapo, ule mfumuko ulipoanza mwaka 2021 mkuu wa benki kuu yao, Jerome Powell, alikuwa anauita "transitory", yaani wa kupita tu, mpaka Novemba mwaka huohuo akawaambia maseneta ni wakati wa kulistaafisha hilo neno. Neno zima limestaafishwa mbele ya bunge, nani atalisahau.

Mtego mwingine ni vineno vidogo. "Fell by 5 percent" na "fell to 5 percent". Herufi mbili mbili tu! "By" ni kiasi kilichopungua, "to" ni pale kilipofikia. Nilikuwa nazisoma kama kitu kimoja miaka yote. Halafu kuna asilimia na "percentage point": riba ikitoka 4 kwenda 5 imepanda pointi moja, ila kwa asilimia imepanda 25, ndo maana mwanasiasa na mpinzani wake wanaweza kutaja namba tofauti na wote wakawa sahihi. Na "basis point" ni sehemu ya mia ya hiyo pointi moja, kwa hiyo mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilipopandisha riba kwa "75 basis points" mara nne mfululizo, kila mara ni pointi 0.75. Apu hapa walifanya vizuri sana, walichora kabisa.

Na kizuri kingine, habari za uchumi ukizichunguza zina vitu viwili tu, kitu kimepanda au kimeshuka. Kila siku. Basi maneno yanarudi yaleyale mpaka yanaingia yenyewe: "edge up" ni kusogea juu kidogo tu, "climb" kupanda, "soar" kupaa kabisa, na upande wa pili "dip" kuteleza kidogo, "fall", halafu "plunge" ni kuporomoka. Wiki ya tatu nilikuwa naona kichwa cha habari najua ukubwa wa jambo kabla sijaona namba.

Hapa sasa lawama zinaanza. Apu inakupa neno uchi, haikwambii linatembea na nani. Mi nikalipenda "plunge", nikaandika kwenye imeli kwa bosi kwamba "attendance plunged this week". Watu wawili tu walikuwa wanaumwa. Bosi akapiga simu anauliza kuna nini, kuna mgomo? Hakuna swali hata moja kwenye apu linalokufanya uandike sentensi yako mwenyewe, ni kuchagua a, b, c, d tu, kwa hiyo unajisikia unajua mpaka siku unapoandika.

Pili tafsiri. Zile habari za Jumapili nina hakika hakuna binadamu aliyezipitia. Kulikuwa na ya deni la Ugiriki mwaka 2012, waliokuwa wameikopesha serikali walikubali kupoteza zaidi ya nusu ya thamani ya hatifungani zao, Kiingereza wanaita "haircut". Naligusa neno, linaniambia "kunyoa nywele". Kwa hiyo ukiunganisha, wakopeshaji wa Ugiriki wamekubali kunyolewa, na ukifikiria sio uongo sana lol, ila mtu anayeanza ataelewa nini? "Bear market" ikaja "soko la dubu", wakati ni soko la hisa linaloshuka kwa muda mrefu. Niliwaandikia mara mbili, nikajibiwa na roboti kwamba maoni yangu ni muhimu.

Tatu kujitoa. Kulipia ni kugusa mara moja, kujitoa nilitafuta kitufe siku mbili, kiko ndani ya menyu ndani ya menyu, na wakanikata mwezi mmoja zaidi. Hilo limeniudhi kuliko dubu.

Na tuseme ukweli, mbinu yenyewe sio mpya. VOA walianza Special English mwaka 1959, habari zinasomwa polepole kwa maneno kama 1,500 tu, watu wamejifunza hivyo kwa redio kabla hata ya hizi simu. Mwenye nidhamu haihitaji apu. Mi nidhamu sina, ile arifa ya asubuhi ndo ilikuwa inaniamsha.

Nyota tatu na nusu. Mwezi wa nane sijalipia, nasoma habari halisi moja kwa siku na daftari pembeni, na neno siandiki peke yake, naandika sentensi nzima kama ilivyo. Toleo la bure nimeliacha kwenye simu kwa ajili ya kugusa maneno. Jana nimekutana na "dead cat bounce", ni pale hisa imeanguka vibaya, inapanda kidogo watu wanafurahi, halafu inaendelea kuanguka. Nikaliandika kwenye apu nione. Imeniletea: "paka aliyekufa anaruka".