Phillip na Bligh: magavana wawili kutoka baharini

Wote wawili walikuwa maofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, na wote walitawala New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia. Arthur Phillip alipandisha bendera Sydney tarehe 26 Januari 1788, akiongoza msafara wa merikebu 11 uliobeba wafungwa na walinzi wao. William Bligh alishika ugavana mwaka 1806, jina lake likiwa limeshavuma: mabaharia wa Bounty, merikebu aliyoiongoza, walimwasi mwaka 1789.

Sifa kubwa ya Phillip ni posho. Njaa ilipobana mwaka 1790, alitoa unga wake binafsi ukaingia ghala la wote, na mfungwa akapimiwa sawa na askari. Mwaka huohuo alichomwa mkuki na mwenyeji huko Manly, karibu na Sydney, akakataza kulipiza kisasi. Lakini tusimpambe mno: ndiye aliyeamuru Bennelong, mwenyeji wa huko, atekwe, na baadaye, mwindaji wake aliposhambuliwa, akatuma askari kuwasaka wenyeji. Hawakumpata hata mmoja.

Bligh alikuwa na hoja nzuri na ulimi mbaya. Alipiga marufuku kulipana kwa pombe, biashara iliyowanenepesha maofisa. Wakulima wa Hawkesbury, eneo la mashamba karibu na Sydney, walimpenda kwa hilo. Tarehe 26 Januari 1808, miaka 20 kamili tangu bendera ya Phillip, Meja George Johnston alikwenda na askari kumkamata. Mary, binti wa Bligh, aliwakabili langoni na mwavuli.

Mimi ningemkabidhi Phillip koloni, Bligh usukani: baada ya uasi wa Bounty alifikisha mashua wazi hadi Timor, takriban kilomita 6,700.