Small-C ya Ron Cain: msimbo wa kompaila unaosomeka hadi mwisho

Vijana ninaowafundisha programu hapa Malindi huniuliza mara kwa mara inawezekanaje kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) ya lugha ya C ikaandikwa kwa C yenyewe, na kati ya misimbo yote niliyowawekea mezani, hakuna uliowajibu vizuri kuliko Small-C, ambayo Ron Cain aliichapisha katika jarida la kompyuta la Dr. Dobb's mwezi Mei 1980.

Kompaila hii ilikusudiwa prosesa ya Intel 8080 na hutoa maandishi ya asembli, yaani maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa maneno mafupi. Inatambua aina mbili tu za data, char na int, pamoja na pointa (anwani za data) na safu za kipimo kimoja. Haina struct (njia ya kukusanya data mbalimbali chini ya jina moja), haina kitanzi cha for, haina switch ya kuchagua kati ya njia nyingi. Kwa kuwa sharti iweze kutafsiri msimbo wake yenyewe, Cain alijinyima kila kitu ambacho kompaila yake isingekielewa, na utamu wa kuisoma umo humo. Jedwali la majina, ambalo leo mtu angelipanga kwa struct, humu ni safu moja ya char yenye baiti 5,040, na kila jina limetengewa baiti 14: tisa za jina lenyewe, tatu za utambulisho, aina na mahali pa hifadhi, na mbili za anwani. Mwanafunzi akiifuata hesabu hiyo kwa kalamu, huelewa struct ni nini vizuri zaidi kuliko kwa mihadhara mingi.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya kuchanganua hesabu, iliyogawanywa katika funksheni zilizopangwa kwa ngazi, kutoka heir1 inayoshughulikia ugawaji wa thamani hadi heir11 inayoshughulikia safu na miito ya funksheni. Ikikutana na a + b, huipakia a katika HL, mojawapo ya rejista (hifadhi ndogo za ndani ya prosesa), huisukuma kwenye staki (rundo la muda kwenye kumbukumbu), huipakia b, kisha huirudisha a katika rejista nyingine, DE, na kuzijumlisha. Kila hatua inaonekana wazi katika asembli inayotoka, bila ufundi wa kuficha.

Uwazi huo una gharama. Asembli yake ni ndefu na ya polepole, hata 2 + 3 hupitishwa njia hiyohiyo yote, na majina ya vigeu yanayozidi herufi nane hukatwa. Kuiendesha leo kwa kawaida kunahitaji emuleta ya CP/M, yaani programu inayoiga mfumo endeshi wa kompyuta za enzi hiyo, jambo linalowakatisha tamaa wasio na subira, kwa hiyo mimi nawashauri waanze na msimbo uliochapwa kwenye karatasi, ambao duka lolote la fotokopi mjini litautoa, na waishike kompyuta baadaye.

James Hendrix aliipanua baadaye akaongeza for, do na switch. Toleo lake linafaa zaidi kwa kazi, lakini kwa anayeanza kusoma kompaila nampa lile la Cain kwanza.