Mkanda wa umeme wa mguuni: miezi minne ya kuuvaa

Tangu nipate kiharusi, unyayo wangu wa kushoto haunyanyuki. Natembea naburuza, ndala inabaki nyuma. Fizio wangu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinianzishia mashine ya kusisimua misuli kwa umeme, ile ya vibandiko vya jeli. Ilisaidia, ila kwa joto letu la Tanga jasho linavibandua, na gundi ikiisha unanunua vingine.

Mdogo wangu akaniletea wa kitambaa kutoka Ujerumani. Ni mkanda unaofungwa chini ya goti. Ndani una viraka viwili vilivyofumwa kwa uzi wa nailoni uliopakwa madini ya fedha, ndiyo inayopitisha umeme. Kimashine chake kinatambua mguu unapoanza hatua, kinausisimua mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa goti, na unyayo unapanda wenyewe. Siku ya kwanza fizio ndiye aliyenifunga. Nilicheka kama mtoto.

Kesho yake nikajifunga mwenyewe, mkavu. Weee! Kama siafu wameingia kwenye suruali. Nikipunguza nguvu, unyayo umelala. Nikiongeza, siafu wamerudi. Kumbe viraka hulowekwa maji kwanza, vikamuliwe vibaki na unyevu tu. Kijitabu kimelisema hilo kwa herufi ndogo, ukurasa wa nyuma kabisa! Nikikaa chini ya feni vinakauka upesi, kwa hiyo natembea na kichupa cha kunyunyizia.

Mahali pa kuufunga nako kuna kazi. Ukisogea upana wa kidole tu, unyayo unapinda nje badala ya kupanda. Fizio alinichorea alama kwa kalamu, naipitishia wino kila nikitoka kuoga. Na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiuguse kabla ya kumwona daktari.

Nikiuvua mguu unalegea vilevile, tusidanganyane. Nikiuvaa naenda gengeni na kurudi, ndala zote mbili miguuni.

Kufua ni kwa mkono, sabuni kidogo. Binti yangu aliutia jiki akidhani ananisaidia. Kiraka kimoja kikafanya weusi na sasa kinachoma hata kikiwa kimelowa. Nimeuliza kama wanauza kiraka peke yake: hawauzi, mpaka ununue mkanda mzima. Ndiyo maana nimewapa nyota tatu.