Huduma ya kufukia hewa ya ukaa: ghala ni imara, shida iko kwenye bomba la moshi

Huduma ninayoitathmini hapa, ya kunasa hewa ya ukaa katika moshi wa vituo vya umeme na viwanda na kuifukia ardhini, haiuzwi Kampala, kwa kuwa umeme wetu hutoka hasa kwenye maji ya Nile, kule Karuma, Bujagali na Isimba, wala hatuna kituo cha umeme kinachochoma makaa ya mawe. Hata hivyo hunadiwa katika kila mkutano wa tabianchi, na ni vyema tujue imewafaa vipi walioinunua.

Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Boundary Dam, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, tangu Oktoba 2014 huosha moshi wa mtambo wake wa tatu kwa kemikali ya amini, huipasha moto kemikali hiyo mpaka iiachie hewa ya ukaa, kisha huigandamiza hewa na kuipeleka kwa bomba. Ahadi ilikuwa tani milioni 1 kwa mwaka, lakini jumla ya tani milioni 4 tangu kuanza ilitimia 2021. Upashaji moto na ugandamizaji huo hula sehemu ya umeme uleule unaozalishwa, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini. Tena, hewa nyingi huuzwa kwenye uwanja wa mafuta wa Weyburn, ambako husukumwa ardhini ili itoe mafuta zaidi, na biashara ya aina hiyo hutegemea soko: mtambo wa kunasa hewa wa Petra Nova, Texas, ulizimwa 2020 bei ya mafuta ilipoporomoka, ukawashwa tena 2023.

Ghala lenyewe la chini ya ardhi sina neno nalo. Kwenye kina cha zaidi ya mita 800, mgandamizo huifanya hewa iwe nzito karibu kama kimiminika, ikajipenyeza katika vitundu vya mwamba wa mchanga huku tabaka la mwamba usiopenyeka likiizuia kwa juu. Ghala la Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini, imekuwa ikipokea mzigo huo tangu 1996. (Ziwa Nyos la Kameruni, ambako hewa hii iliua watu zaidi ya 1,700 mwaka 1986, ni kisa tofauti, maana pale ilikuwa imelala majini.)

Kwa makaa ya mawe, basi, naipa nyota mbili kati ya tano. Kwa saruji ningefikisha nne, kwani mawe ya chokaa yanayochomwa kwenye kiwanda chetu cha saruji cha Hima hutoa hewa ya ukaa yenyewe, hata moto uwe wa kuni au wa umeme, na kiwanda cha saruji cha Brevik nchini Norwei kimeanza kuitumia huduma hii 2025. Muuzaji akija Kampala aanzie huko, na aje na bei pamoja na jina la atakayevilinda visima vya kufukia hewa baada ya kufungwa.