Glavu za Kevlar kwa mafundi wa vioo: baada ya miezi 8 ya matumizi mjini Moshi

Katika karakana yetu ya madirisha ya aluminiamu iliyopo Pasua, kinachotoa damu si kukata kioo bali kukibeba. Kioo cha milimita 5 kikishakatwa, kabla hakijapigwa msasa, ukingo wake ni wembe mtupu, nasi tulikuwa tukikishika kwa vipande vya maboksi hadi fundi mmoja alipochanwa kiganja na kushonwa nyuzi 6. Ndipo niliponunua jozi 3 za glavu za manjano zilizofumwa kwa uzi wa Kevlar, kila jozi kwa shilingi 18,000, katika duka moja la vifaa vya usalama kazini hapa mjini.

Kwa kazi hiyo ya kubeba, sina lawama. Kioo kikiteleza mkononi huacha mstari wa nyuzi zilizotimka, lakini ngozi haiguswi. Uzi huo tunao kwa sababu ya Stephanie Kwolek, mkemia wa Marekani aliyeingia kampuni ya DuPont mwaka 1946 kwa nia ya kukusanya ada ya kusomea udaktari, akabaki huko huko mpaka alipostaafu mwaka 1986. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa akitafuta uzi mwepesi wa kuimarishia matairi ya magari, akapata mchanganyiko mwepesi kama maji, wenye ukungu, ambao mtu mwingine angeumwaga. Hata fundi wa mashine ya kutengenezea nyuzi alikataa kwanza kuupitisha, akihofia kwamba ungeziba vitundu vya mashine yake. Kwolek alishikilia msimamo, na uzi uliotoka haukukatika kama nailoni ilivyokuwa ikikatika. Ukungu ule haukuwa uchafu: molekuli ndefu zisizopindika zilikuwa zimejilaza kwa safu, mithili ya fito ndani ya mzigo, na zikivutwa kuwa uzi hubaki zimeelekea upande mmoja. Hiyo ndiyo siri ya Kevlar kuwa na nguvu mara 5 kuliko chuma cha uzito ule ule.

Hata hivyo, muuzaji anayekuambia kwamba glavu hizi hazipenyeki anakudanganya, pengine bila kujua. Zinazuia kuchanwa, si kuchomwa. Kibanzi chembamba cha kioo hupita katikati ya mafumo kama sindano, na mimi nimeshang'oa viwili kidoleni. Zetu pia hazina mpira kiganjani, hivyo kioo kilicholowa huteleza. Anayefanya kazi kama yetu aongeze fedha kidogo achukue zenye mpira.

Jozi moja tuliiua wenyewe. Kijana wetu aliiloweka kwenye jiki ili ing'ae, kisha akaianika juu ya bati kwa siku kadhaa, na jua la Moshi la mwezi wa pili kila mtu analijua. Klorini na jua vyote viwili hudhoofisha uzi huu, na haikupita muda kiganja kikaanza kufumuka. Siku hizi tunafua kwa sabuni ya kawaida na kuanika kivulini.

Nilipotaka kufidia jozi hiyo kwa bei nafuu, mchuuzi mmoja aliniuzia nyingine kwa shilingi 5,000, yenye rangi ile ile na neno lile lile la Kevlar. Nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kwa kiberiti: ukayeyuka, ukajikunja kuwa tone jeusi la kunata. Uzi wa zile za dukani uliungua ukawa mweusi pale palipoguswa na moto, ukazimika mara tu nilipoondoa njiti, wala haukudondosha kitu, kwa kuwa Kevlar haiyeyuki. Jaribio hilo ni la sekunde chache, na ningemshauri kila mnunuzi aombe kulifanya kabla ya kutoa fedha.

Dosari iliyobaki ni vipimo. Dukani walikuwa na saizi kubwa tu, na binti anayejifunza kazi kwetu, ambaye mkono wake ni mtulivu kuliko wetu sote katika kukata kioo, vidole vyake vinapwaya humo hata hawezi kushika rula sawasawa. Nilirudi kuuliza saizi ndogo. "Kaka, hizo huwa hatuagizi," muuzaji alinijibu, "wanaonunua ni wanaume." Nimemwachia namba yangu ya simu.